Pipa Lililosimama Kalembe

Siku yangu ya mwisho kazini, mmoja wenu aliniuliza kwa nini mapipa ya esanse, mafuta ya magari, tunayalaza chini badala ya kuyasimamisha. Nilimjibu, "Laza tu, acha maneno mingi." Akalaza. Mimi nikaenda nyumbani na kiti mlichonipa kama zawadi, kiti chenye mguu mmoja mfupi, na kila nikikalia kinayumba, na kila kikiyumba nalikumbuka lile swali. Sikukataa kujibu kwa kuwa nilikuwa na haraka. Nilikataa kwa kuwa jibu lenyewe ni refu na lina aibu yangu ndani. Sasa nina muda wote wa dunia, na daftari, basi someni.

Habari za mshahara sitaziandika, mliziona wenyewe. Vyeo pia naviacha. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko faida yake.

Niliingia garaji ya Sake wakati wa vile vita vikubwa vya wazungu. Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili, na kazi yangu kabla ya hapo ilikuwa kubeba mizigo kwa miguu kutoka milima ya Rubaya. Walinichukua kwa sababu ya mabega. Siku ya kwanza sikupewa ufunguo wala nyundo, nilipewa mundu. Niliambiwa nikate majani makavu, mengi, niyalete. Nikafikiri garaji ina ng'ombe.

Kumbe majani yalikuwa ya kuingiza ndani ya mipira ya kamio, lori letu. Mipira mipya haikuwa ikifika kwa sababu ya vita, na ya ndani ilikuwa imepigwa viraka hadi kiraka kikakosa pa kushika. Aliyenipokea alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa kizito iliyooza kwa mafuta. Huyo ndiye Papa Lewo, fundi wa garaji, mzaliwa wa Bihambwe. Alinionyesha kwa kidole.

"Jaza majani. Kaza."

Nikajaza, nikakaza.

"Bado. Kaza tena."

"Papa, mupira na majani, wapi na wapi?"

"Gari itatembea. Kaza."

Gari lilitembea kweli hadi Masisi na kurudi, likinuka kama nyumba inayoezekwa, na mbuzi wa njiani walilifuata kwa heshima kubwa. Ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza.

Papa Lewo hakuwa mkali, lakini alifundisha kwa amri. Ukimuuliza sababu, alikuangalia kama mtu uliyemuuliza umri wa mkewe. Amri zake nilizikariri kama katekisimu. Kupanda mlima, tangi nusu. Kwenye matope, tangi lijae. Ukitia upepo asubuhi ya baridi Masisi na gari linashuka Walikale, punguza upepo kabla hujaambiwa. Mipira yenye meno makubwa ni ya udongo wa Masisi, ile iliyolainika ni ya mawe ya msituni, usiichanganye. Na pipa lilale. Baadhi ya sababu nilizigundua mwenyewe kwa kuumia. Mpira niliotia upepo mwingi kwenye baridi ulipasuka kwenye joto la Walikale, ukanifundisha kwa sauti kubwa kuliko ya Papa Lewo. Tangi likijaa, nyuma ya gari inakuwa nzito na magurudumu yanauma tope. Hizo nilizielewa. Habari ya pipa sikuielewa, na baada ya miaka michache nikaacha hata kujiuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, wazee walisema, na mimi nilikuwa ushahidi wao.

Vita vikaisha, mipira mipya ikafika, na wazungu wenye mashamba ya kahawa na chai wakapata jambo la kufanya na magari yao. Wakaanzisha mashindano. Magari yaliondoka Sake asubuhi, yakapanda Bihambwe na Masisi, yakapita Kalembe, yakateremkia Walikale. Huko yalilala, na kesho yake yalirudi kwa njia ile ile. Siku mbili. Mkikumbuka njia ilivyo leo, zidisha ubaya wake mara tatu, kisha ondoa madaraja. Aliyeshinda si yule mwenye gari la mbio. Wenye magari ya mbio tuliwakuta mtaroni. Aliyeshinda ni yule ambaye mafuta yake na mipira yake vilikuwa mahali vinapohitajika, saa vinapohitajika.

Bwana wetu, mwenye garaji, tulimwita Bwana Saa. Alikuwa akiangalia saa yake hata akiwa kanisani, hasa akiwa kanisani. Yeye aliendesha, na Papa Lewo alikaa kando yake kama fundi. Mara mbili walishindana, na mara mbili mafuta yaliwaishia kabla ya Masisi wakati wa kurudi. Ilipofika mara ya tatu, Bwana Saa alituita wote wawili mbele ya gari.

"Safari hii tubebe pipa nyuma ya gari," alisema.

Papa Lewo akatikisa kichwa. "Gari itakuwa nzito, Bwana. Itakula mipira yote mbele ya kufika Walikale."

Mimi nilikuwa nimeshika bomba la upepo, na kwa kawaida sikuulizwa kitu. Lakini mabega yangu yalikumbuka Rubaya. Nikasema, "Bwana, siye wakati tulikuwa tunabeba mizigo, hatukubeba chakula ya siku mbili. Tulikuwa tunatanguliza chakula ku njia, mu nyumba ya muntu tunajua. Tunaenda na mizigo tu, chakula tunaikuta."

"Kwa nani?" Bwana Saa aliuliza.

"Kalembe. Iko Papa Petro, mulimaji, muntu wa kanisa. Pale matope ya kupanda Masisi njo inaanza. Esanse ikae pale, na mipira ya meno ikae pale."

Bwana Saa akaangalia saa, kama kwamba jibu lilikuwa humo. Kisha akakubali. Gari lingetoka Walikale na mafuta ya kufika Kalembe tu, jepesi, na mipira laini ya mawe. Pale Kalembe lingebadilisha mipira, lingejaza tangi, na kupanda Masisi likiwa zito kama Papa Lewo alivyotaka. Wengine wangekuwa wamebeba mapipa tangu asubuhi. Mpango huu ulikuwa wangu, na ninasema hivyo bila kujivuna, kwa sababu mtaona ulipoishia.

Siku hiyo hiyo Bwana Saa, katika furaha yake, akamwambia Papa Lewo neno. "Lewo, kama tunafika Masisi mbele ya wote, wewe njo utashika vola mupaka Sake."

Vola ni usukani, mnajua. Lakini labda hamjui neno lile lilikuwa na uzito gani. Papa Lewo alilijua lile gari kuliko mwenyewe, lakini alikuwa akiliendesha ndani ya uwanja wa garaji tu, hatua ishirini mbele, hatua ishirini nyuma. Njia ya watu ilikuwa ya wengine. Kanuni ya mashindano ilisema watu wawili ndani ya gari. Haikusema nani ashike usukani, kwa sababu walioiandika hawakuwaza kwamba iko haja ya kusema.

Papa Lewo alijibu tu, "Ndiyo, Bwana." Lakini tulipokuwa tukinawa mikono kwa mchanga na sabuni, akaniuliza bila kuniangalia.

"Anselmi, unajua ile njia ya Bihambwe inapita mbele ya nyumba yangu?"

"Ninajua, Papa."

"Mama Roza hajaniona nikishika vola hata siku moja. Miaka yote hii. Akikuya garaji, ananikuta chini ya gari." Akanawa kidogo. "Ananijua miguu tu."

Alicheka, na mimi nikacheka. Lakini tangu siku hiyo alinyoa ndevu kila asubuhi, na nilijua ameshamwambia mkewe.

Majuma matano kabla ya mashindano, mvua ikiwa bado ni ya kuhesabika, nilipeleka vitu Kalembe kwa kamio: mapipa mawili ya esanse na mipira minne ya meno iliyofungwa kwa kamba za migomba. Papa Lewo alikuwa ameniagiza, "Pipa zilale." Tuliyasukuma mapipa hadi nyuma ya nyumba ya Papa Petro, kando ya mkeka ambapo mkewe, Mama Sesilia, alianika mihogo. Tukayalaza, tukayatia mawe pande zote yasibingirike.

"Pipa zilale vile," nilimwambia Papa Petro. "Musizisimamishe."

"Juu ya nini?" aliuliza.

Sikuwa na la kumjibu, na sikupenda aone kwamba sina. "Ni vile. Kazi ya garaji iko na mambo yake."

"Haya," akasema, na Mama Sesilia akaniangalia kwa jicho ambalo sikulijali. Alitupa mihogo ya kuchoma, tukarudi.

Sasa nieleze jambo ambalo mimi, mtoto wa milima hii hii, nilipaswa kulikumbuka. Kwa watu wa nyumba kama ile, na kwetu pia nilikolelewa, chombo chenye kitu ndani hakilazwi. Mtungi wa pombe ya ndizi, chungu cha maji, kibuyu cha maziwa, vyote vinasimama. Chombo kinalazwa mlangoni siku ambayo mtu amekufa, ili kila anayekuja ajue hapa leo hapanywewi. Mimi nilikuwa nimelaza vyombo viwili vikubwa vilivyojaa nyuma ya nyumba ya watu wazima, nikaenda zangu bila kutoa sababu. Huyo ndiye mtaalamu wa garaji.

Siku ya kwanza ya mashindano niliondoka na kamio baada ya magari kupita. Gari letu lilikwenda vizuri. Watu wa Masisi walituambia liko mbele na la pili halionekani. Kalembe lilipita bila kusimama, kama tulivyopanga, na watoto wa pale walisema yule mzee ndani alikuwa amepunga kofia. Mimi nilifika jua likiwa bado juu, nikaenda nyuma ya nyumba kukagua vitu vyangu.

Mipira ilikuwa salama. Mapipa yalikuwa yamesimama.

Yalikuwa yamesimama sawasawa, bega kwa bega, na juu ya kila moja mvua ilikuwa imejaa kwenye duara la bati hadi kufunika kizibo. Mama Sesilia alikuja akifuta mikono kwenye kitenge.

"Papa Anselmi, usikasirike," alisema. "Mutoto wangu mukubwa alikuwa na homa, siku nane hakula. Na miye kila nikitoka inje naona vyombo vimelala nyuma ya nyumba. Nilimwambia Papa Petro, ile garaji inaita kifo hapa kwetu. Tukazisimamisha. Mutoto akapona."

Ningemwambia nini? Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama pale, amekonda lakini mzima, akila ndizi. Nikamwambia, "Haina neno, Mama." Nikamwaga yale maji ya juu, nikajaribu vizibo, nikavikuta vimekazwa vizuri. Basi nikafikiri: kizibo kimekaza, maji yatapita wapi? Nikaona ni mambo tu ya Papa Lewo, kama ile kofia yake. Nikayalaza mapipa upya, nikayarudishia mawe, nikasema moyoni kwamba hakuna haja ya mtu kujua. Nilitaka kuwakinga wale wazee wasigombezwe, hiyo ni kweli. Na nilitaka kujikinga mimi, hiyo ni kweli zaidi.

Kesho yake gari lilifika likitoka Walikale, peke yake, limejaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi za Bwana Saa. Nilikuwa nimesikia sauti yake kutoka mbali na nilikuwa na kriki ya kuinulia gari mkononi. Magurudumu ya nyuma niliyatoa kwa muda ambao mtu anamenya muhogo mmoja. Papa Lewo aliruka chini, akachukua faneli ya bati na kipande cha ngozi laini ambacho alikuwa anachujia esanse. Ngozi ile inaruhusu esanse ipite na kuyazuia maji, lakini inapitisha polepole, kama mzee anayeingia kanisani.

"Lewo! Dakika! Dakika!" Bwana Saa alipiga kelele, saa mkononi.

Papa Lewo akasimama, ngozi iko juu ya faneli. Akaniangalia mimi niliyekuwa nimepiga magoti kwenye gurudumu.

"Anselmi. Hizi pipa zililala tangu siku zilifika?"

Sikuinua kichwa. "Ndiyo, Papa."

Akaiondoa ngozi, akaitia mfukoni, akamimina moja kwa moja. Nilipoinuka niliona uso wake. Alikuwa kama bwana arusi. Alisafisha mikono kwa kitambaa kipya ambacho sikuwahi kumwona nacho, kitambaa cheupe, kwa ajili ya usukani. Wakaondoka, na hakuna gari lingine lililokuwa limesikika bado.

Nilipakia mipira iliyotumika, nikaaga, tukawafuata na kamio. Nilikuwa naimba. Hatukwenda mbali. Kwenye kupanda, mahali ambapo njia inajikunja kabla ya mashamba ya maharage, tulilikuta gari letu limefunguliwa uso. Papa Lewo alikuwa ameitoa kabureta na kumwagia vilivyokuwa ndani kwenye chupa ya kioo. Aliishika juu kuelekea jua. Chini ya chupa kulikuwa na maji, safi, yametulia, na esanse juu yake. Magari mawili yalikuwa yameshapita.

Bwana Saa alikuwa anatembea huku na huku kwenye tope na viatu vyake vizuri. "Nani hakuchuja? Nani?"

Nilifungua mdomo. Nawaambia ukweli, niliufungua. Maneno yalikuwa tayari: ni mimi, Bwana, pipa zilisimama, mimi nilidanganya. Lakini niliona kazi yangu, nikaona watoto wangu, na mdomo ukajifunga wenyewe. Ulimi hauna mfupa, wanasema. Siku ile wangu ulikuwa mgumu kama kriki.

"Ni miye, Bwana," Papa Lewo alisema. "Miye njo niliondoa ngozi."

Hakunitazama. Alirudisha kabureta, akamwaga tangi lote chini njiani, akachuja kwa ngozi yale mafuta ya akiba tuliyokuwa nayo kwenye kamio, lita chache, ya kufikia Masisi kwa shida. Alifanya yote kwa utaratibu kama tuko garaji, na Bwana Saa hakusema dakika tena. Kile kitambaa cheupe kilikuwa kimetumika kufutia chupa.

Walifika Masisi wakiwa wa tatu. Nilisimuliwa na mlinzi wa pale waliponunua mafuta. Alisema yule mzee wa kofia alizunguka gari hadi mlango wa kushoto, wenye vola, akasimama kidogo. Bwana hakuteremka, hakugeuza kichwa. Mzee akazunguka tena, akaingia upande wake wa siku zote.

Sisi na kamio tulifika Bihambwe baadaye sana. Mbele ya nyumba ya Papa Lewo, Mama Roza alikuwa bado amesimama kando ya njia, amevaa kitenge cha Jumapili na kilemba. Majirani walikuwa wameshaondoka. Dereva wetu akasimamisha kamio kwa heshima, na mimi nikatamani asingesimamisha.

"Anselmi," alisema. "Gari niliona, imepita. Bwana njo alikuwa na vola."

"Gari iliharibika, Mama."

"Nani aliiharibisha?"

"Ni esanse, Mama."

Akaikubali, kama mtu anavyokubali mvua ya mawe. Akainama, akachukua kikapu cha mahindi ya kuchoma alichokuwa amewaandalia wasafiri, akatupa sisi, maana wenyewe hawakusimama. Nilikula yale mahindi. Sijui nilikulaje, lakini nilikula.

Mashindano yaliyofuata Bwana Saa alileta fundi kutoka mjini. Papa Lewo alibaki kupiga viraka, na kabla ya mwaka kwisha alisema macho yake yanamsumbua, akarudi Bihambwe kulima maharage na mihogo. Funguo za depo, ghala la mafuta na mipira, nikapewa mimi. Mlikuwa mnashangaa kwa nini sikuwahi kusimulia nilivyozipata.

Yule fundi wa mjini alikuwa mtu wa maneno mengi, kinyume kabisa cha Papa Lewo. Siku moja tukila, bila hata kuulizwa, akanieleza habari ya pipa kwa muda wa ndizi moja. Pipa linapumua, alisema. Mchana jua linalipasha, hewa ya ndani inavimba na kutoka kidogo kidogo kwenye kizibo, hata kikazwe vipi. Baridi ikija, hewa inasinyaa na pipa linavuta. Kama limesimama na mvua imejaa juu yake, linavuta mvua. Kama limelala, esanse yenyewe inafunika kizibo kwa ndani, na juu yake hakuna maji ya kuvuta. Kalembe kuna jua, kuna mvua, na baridi yake mnaijua. Tangu yaliposimamishwa, mapipa yangu yalikuwa yakinywa nyuma ya nyumba ya Mama Sesilia, na mimi nilikuwa nimekagua vizibo na kuridhika. Ndizi ilinikwama. Fundi akanipiga mgongoni akidhani nimepaliwa.

Tangu siku hiyo hakuna pipa lililosimama kwenye depo yangu, mnajua jinsi nilivyokuwa mkali. Lakini sababu sikuitoa. Nilijua kwamba nikianza na sababu, mtu ataniuliza niliijuaje. Miaka ikapita hivyo. Papa Lewo nilikutana naye kanisani Masisi, kwenye maziko, kwenye arusi. Tulisalimiana, tuliulizana habari za watoto, na kila mara niliondoka haraka kama mtu mwenye gari linalomngoja.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sikutaka kungoja hiyo siku. Wiki moja baada ya kustaafu nikapanda Bihambwe. Nilimkuta ameketi ubavuni mwa nyumba, anatoa maharage kwenye maganda kwa kupapasa, macho yamefunikwa na ukungu. Kofia ilikuwa ile ile, au mtoto wake. Mama Roza alitupa bugali na sombe, majani ya muhogo, akaketi mlangoni na ungo wake. Nilikula kwanza, kwa sababu sikuwa na uhakika kama baada ya kusema nitapewa tena.

"Papa," nilisema, "ile siku ya Kalembe nilikudanganya. Pipa zilikuwa zimesimama. Nilizilaza miye, siku moja mbele ya gari kufika."

Aliendelea na maharage. "Ninajua."

"Ulijua?"

"Wakati tunaondoka niliangalia nyuma. Ku udongo, karibu na mihogo, kulikuwa alama mbili za muviringo. Kubwa, nzito. Alama ya pipa kusimama." Akatupa ganda. "Nilitaka kusema, Bwana, simama. Lakini alikuwa anaangalia saa. Na miye nilikuwa ninaiona njia ya Bihambwe. Nikasema mu roho yangu, labda haina kitu."

Mama Roza aliacha kupepeta.

"Juu ya nini haukunisema kwa Bwana?" niliuliza. "Walikufukuza ku gari juu yangu."

"Anselmi, wewe ulikuwa unajua juu ya nini pipa inalalaka?"

"Hapana, Papa. Hakuna siku uliniambia."

"Njo vile." Akanyoosha mkono akanitafuta, akanikuta begani, lile bega la Rubaya. "Kama ningekuambia, wewe ungemwambia Petro, Petro angemwambia bibi yake. Wangefunika pipa na majani, wangetafuta namna. Watu si wajinga. Ile pipa ni miye niliisimamisha."

Nililia, na sioni haya kuliandika. Mama Roza aliokota maharage yaliyodondoka. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, akirudia ungo wake, "Kitenge nilikuwa nimekiazima kwa dada yangu."

Papa Lewo alingoja nitulie. Halafu akauliza, "Na wale vijana yako, unawaambia juu ya nini pipa inalala?"

"Ninawaambia, laza tu," nilisema. Alilielewa jibu langu kama alivyokuwa akielewa injini. Akarudi kwenye maharage yake, na mimi nikashuka hadi dukani kununua daftari hili.

Basi wewe uliyeniuliza, nisamehe, na wenzako wasomee. Pipa linalazwa ili lisinywe mvua. Hesabu: ni maneno matano. Laiti mmoja wetu angeyasema, Mama Roza angemwona mume wake akipita mbele ya nyumba na mikono yote miwili kwenye vola.